Gari la zamani na redio ya zama zake: usikate dashibodi kabla hatujaongea

#1 Mleta uzi, Tanga

Wakuu salaam.

Mimi ni fundi redio, niko Ngamiani hapa Tanga. Siku hizi wanaonijia na magari ya zamani wameongezeka. Huyu ana Peugeot 504, yule ana 404 iliyolala bandani miaka na miaka kwenye shamba la mkonge, mwingine ana Benzi W123. Injini imeshafanyiwa kazi, bodi imepigwa rangi, viti vimeshonwa upya. Kisha linakuja suala la muziki, na hapo ndipo gari zuri linapoharibiwa.

Kilichonifanya niandike ni 504 moja ya miaka ya 70 iliyoletwa kwangu. Gari safi, halijaguswa kutu, ila dashibodi imekatwa kwa msumeno ili skrini ya inchi saba ipate kukaa. Mwenyewe alileta spika zilizokuwa zinakwaruza. Spika nimezitengeneza zikapona. Dashibodi haiponi. Ili apate nyingine nzima lazima 504 nyingine ifumuliwe mahali, na hizo zenyewe tunazihesabu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: redio ifuate tundu la dashibodi, tundu lisiifuate redio. Ukishika hilo, mengine yote yana njia.

Tuanze na tundu lenyewe. Magari mengi yaliyotoka kabla ya miaka ya 80 yalitengenezewa redio ya fimbo mbili. Fimbo ya kushoto ni ya kuwasha na kuongeza sauti, ya kulia ni ya kutafuta stesheni, katikati kuna kioo cha namba chenye mshale, na zile za bei ya juu zina vitufe vya kubonyeza chini ya kioo. Dashibodi ina matundu mawili ya mviringo na nafasi ya mstatili katikati, basi. Baadaye Wajerumani wakaweka kipimo kimoja, ndicho tunachokiita DIN, tundu la mstatili la milimita 182 kwa 53, na dunia yote ikakifuata. Kwa hiyo kabla hujaenda kutafuta redio Kariakoo au Mombasa, chukua rula upime. Pima na kina pia, maana redio za kaseti ni ndefu kwa nyuma na magari mengine yana bomba la hita au mota ya waipa inayozuia.

Halafu kuna suala la zama. Watu wananiuliza, "Fundi, gari langu ni la 1966, naweza kuweka kaseti?" Kaseti hii ndogo tuliyokua nayo ilitolewa na Philips mwaka 1963 kwenye maonyesho ya Berlin, na redio za gari zenye kaseti zikaanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 60. Kwa hiyo gari la 1966 halikutoka kiwandani na kaseti. Lakini nani alikuwa na gari hapa kwetu akaliacha kama lilivyotoka kiwandani? Gari la 1966 liliishi, likabadilishwa redio mwaka 1975, likapata kaseti, na hiyo ni sehemu ya maisha yake. Mimi nakubali chochote ambacho mwenye gari wa wakati ule angeweza kukifunga ndani ya miaka kumi hivi tangu gari litoke. Kaseti kwenye 404 ya 1966 ni sawa. Redio ya CD, iliyoanza kuingia kwenye magari katikati ya miaka ya 80, kwenye gari hilo hilo si sawa, hata kama inaenea kwenye tundu.

Jambo ambalo wengi hawaliulizi mpaka wameshalipa hela: redio hiyo inashika nini? FM yetu inaanzia 87.5 mpaka 108. Redio nyingi za Kijerumani za miaka ya 60 na 70 kioo cha FM kinaishia 104, kwa sababu kwao wakati ule FM haikufika 108. Stesheni unayoipenda ikiwa juu ya 104, mshale haufiki. Na za Kijapani zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani kwenyewe zinaanzia 76 na kuishia 90. Ukiokota redio nzuri ya Clarion kwenye gari lililokuja moja kwa moja kutoka Japani, utazungusha weee, unaambulia stesheni moja au hupati kitu. Kuna visanduku vya kushusha masafa vinavyofungwa kati ya antena na redio. Vinafanya kazi, ila namba unayoiona kwenye kioo inakuwa si ile inayotangazwa.

Na redio ya masafa ya kati pekee, ile iliyokuwa kwenye magari mengi hapa wakati wa Radio Tanzania, leo ukiiwasha utasikia upepo mtupu karibu mwanzo hadi mwisho wa kioo. Hiyo isikukatishe tamaa. Tutafika huko.

Karibuni, leteni gari zenu tuzijadili moja moja.

#2 Mdau, Dar

Mkuu uzi mzuri, ila mimi nina upande wangu. 504 yangu naiendesha kila siku, si ya maonyesho. Nataka simu ipigwe kwenye spika, nataka nyimbo zangu. Nikiweka redio ya 1974 inayoshika upepo nitakuwa nimepamba tu. Kwa nini nisiweke kitu cha kisasa nikaishi?

#3 Mleta uzi, Tanga

Mkuu, unaweza kuishi vizuri kabisa bila kugusa dashibodi. Nakupa njia nilizozifunga mwenyewe na zikafanya kazi.

Ya kwanza ndiyo ninayoipenda. Redio ya zamani inabaki mahali pake, inawaka, taa ya kioo inang'aa, mshale unatembea. Ndani yake naingiza waya wa simu. Sauti ya simu inaingia pale kwenye voliumu, baada ya sehemu inayopokea stesheni na kabla ya amplifaya ya redio. Kwa hiyo unaongeza na kupunguza sauti kwa kitufe kile kile cha zamani, na sauti inatoka na ule uzito wa redio yenyewe. Simu inatoa njia mbili, kushoto na kulia, na redio nyingi za wakati huo ni za njia moja. Usizikutanishe waya kwa waya, utaitesa simu. Kila njia ipite kwenye rezista yake, kilo-omu moja inatosha, ndipo zikutane. Weka na kapasita ndogo kabla ya voliumu ili umeme wa ndani ya redio usirudi kwenye simu. Waya mwembamba unatokea chini ya dashibodi, au unaunganisha kipokezi cha Bluetooth unakificha kwenye droo. Hakuna anayejua.

Ya pili ni kama redio yenyewe imekufa kabisa au unaogopa kuifungua. Iache iwe sura. Chini ya kiti cha abiria weka amplifaya ndogo yenye Bluetooth, spika zako ziunganishe huko. Hapa sina ugomvi na usasa hata kidogo, maana siku ukiuza gari unaitoa na gari linabaki zima.

Ya tatu ni kununua mpya yenye sura ya zamani. RetroSound wa Marekani wanatengeneza redio ambazo fimbo zake unazisogeza zilingane na matundu ya dashibodi yako. Kwa tundu la DIN, Blaupunkt wametoa upya Bremen SQR 46, sura ni ile ya miaka ya 80, ndani kuna Bluetooth. Ina na DAB, yaani redio ya kidijitali, ambayo hapa Tanga hutaitumia. Ni redio nzuri, lakini sura yake ni ya gari la 1986. Kwenye 504 ya 1974 mimi nisingeifunga. Kwenye Benzi au Golf ya miaka ya 80, ifunge bila wasiwasi.

Angalizo moja kwa wote wanaobadilisha redio na kuacha spika za zamani. Kwenye magari mengi ya zamani spika ina waya mmoja tu unaotoka kwenye redio, mguu wa pili umeshikwa kwenye bodi ya gari. Redio ya kisasa haitaki hivyo. Miguu yote miwili ya spika lazima irudi kwenye redio, ukiacha mmoja kwenye bodi unaichoma siku hiyo hiyo. Vuta waya mpya.

#4 Mdau, Muheza

Kaka, mimi nina Land Rover Series IIA ya 1964, ilikuwa ya shamba. Fundi umeme ameniambia chanya ya betri ndiyo imefungwa kwenye chesisi, kwamba nisithubutu kuweka redio. Ni kweli au ananitisha?

#5 Mleta uzi, Tanga

Ni kweli, na mshukuru fundi wako. Magari mengi ya Uingereza mpaka kwenye nusu ya pili ya miaka ya 60 yalikuwa na chanya kwenye bodi. Ukifunga redio ya kawaida, bati la redio ambalo ni hasi linagusa dashibodi ambayo ni chanya, na hapo hapo umefanya shoti. Fyuzi ikichelewa, waya unaungua. Hata ukiitenga redio kwa plastiki, ganda la nje la waya wa antena nalo ni hasi na linagusa bodi kule kwenye bawa la gari. Nimeona watu wakisahau hapo.

Una njia mbili. Tafuta redio ya wakati huo, mfano Radiomobile ya Kiingereza au Philips. Nyingi za miaka ya 60 zina plagi ndogo au swichi nyuma yenye alama ya chanya na hasi, unageuza kulingana na gari. Hakikisha imegeuzwa kabla ya kuwasha, si baada. Na ukifanya hivyo usiingize waya wa simu wakati simu inachajiwa kwenye gari hilo hilo, bila kifaa cha kutenganisha umeme.

Njia ya pili ni kuligeuza gari lenyewe liwe na hasi kwenye bodi, ambavyo Land Rover wenyewe walikuja kufanya baadaye. Si kazi kubwa kwa fundi anayejua. Unageuza betri, unabadilisha waya mbili za koili, unageuza mita ya chaji kama ipo. Halafu dinamo lazima ifundishwe upya: waya wa F, ule wa mguu mdogo wa dinamo, unatolewa, unachukua waya kutoka upande wa moto wa betri unaugusisha kwenye F ya dinamo mara moja mbili kwa haraka, cheche itatoka, imetosha. Ukiruka hatua hiyo dinamo itachaji kinyume. Mota ya waipa na taa hazijali, ila chochote chenye transista kilichofungwa huko nyuma kitoe kwanza.

Wenye Volkswagen za kobe za kabla ya 1967, nyie angalieni na volti. Nyingi ni volti 6. Redio ya volti 12 haitawaka, na ya volti 6 ukiiweka kwenye gari lililobadilishwa kuwa volti 12 utaiua.

#6 Mdau, Korogwe

Vijana mnaongea vizuri, niongeze kidogo. Nimeendesha 404 ya shamba la mkonge nikiwa kijana. Redio ilikuwa moja, spika moja, katikati. Masafa ya kati tulisikiliza Radio Tanzania, na ile ilikuwa na masafa mafupi pia, kwa hiyo jioni tulipata Idhaa ya Kiswahili ya BBC na ya Ujerumani. Tukikaribia mpakani Horohoro, Mombasa ilikuwa inaingia wazi. Hakuna aliyekuwa na spika nne. Muziki wa Atomic na Jamhuri, bendi zetu wenyewe za Tanga, tuliusikia kwenye spika hiyo moja, na gitaa la pili ulikuwa unalisikia vizuri, kila nyuzi. Naona sasa mtu anaweka besi kubwa kwenye buti la 404 mpaka vioo vinatetemeka. Gari lile halikujengwa kwa hilo, milango yake ni bati tupu.

#7 Mleta uzi, Tanga

Shikamoo mzee wangu. Umenisaidia kusema jambo nililotaka kulisema.

Nyimbo nyingi za zama hizo zilirekodiwa kwa njia moja. Sauti ya mwimbaji, magitaa na saksafoni vimewekwa pamoja na fundi mitambo tayari, hakuna kushoto wala kulia. Ukizipigia kwenye spika moja nzuri ya karatasi, ya inchi sita au ya yai, unapata kila kitu. Redio yenyewe inatoa wati tano hivi. Ndiyo maana spika iwe nyepesi, yenye kuitika kwa nguvu ndogo. Spika za kisasa za besi zenye mpira mzito pembeni zinataka amplifaya kubwa, ukizifunga kwenye redio ya 1970 utasema redio ni mbovu, kumbe inasukuma jiwe. Angalia na omu zilizoandikwa nyuma ya redio. Ikisema nne usiweke spika ya omu mbili.

Wenye kupenda stereo, na gari lenu ni la mwisho wa miaka ya 70 kuendelea, spika mbili kwenye ubao wa nyuma zinatosha. Tengeneza ubao mpya wa plaiwudi uutoboe huo, ule wa asili uuweke ndani nyumbani.

#8 Mdau, Tanga

Shikamoo mzee, kutoka kwetu sote. Swali fundi: redio yangu ya zamani inashika, lakini nikiwasha injini inakuja sauti ya kulia inayopanda nikikanyaga mafuta, pamoja na tatatata. Niko Raskazone, sijui ni bahari?

#9 Mleta uzi, Tanga

Ni vitu viwili tofauti na bahari ina mkono wake katika vyote.

Ule mlio unaopanda na injini unatoka kwenye dinamo au altaneta. Tatatata ni moto wa plagi. Kapasita ya kuzuia kelele, ile ya silinda ya bati yenye waya mmoja, funga moja kwenye koili upande unaotoka kwenye swichi ya gari. Usiifunge upande unaokwenda kwenye distribyuta, utaharibu moto wa injini na gari litakuwa zito. Nyingine funga kwenye dinamo, mguu mkubwa, ule wa D. Kwenye F usiguse kabisa. Waya za plagi nazo ziwe zile zenye ukinzani ndani, za shaba tupu zinapiga kelele sana.

Lakini kabla ya kununua chochote, fungua antena. Kwa Raskazone nina uhakika wa karibu utakachokiona: chini ya bawa, pale meno ya antena yanapouma bati, kuna unga wa kijani na kutu ya kahawia. Antena inatakiwa ishike bodi barabara hapo. Chumvi ikila, redio inapoteza ardhi yake na kila kelele ya injini inaingia. Kwangua mpaka bati ling'ae, paka grisi, funga tena. Magari kadhaa niliyoyapokea kwa tatizo la kelele yaliishia hapo hapo. Ukimaliza, kama redio yako ina masafa ya kati, tafuta skrubu ndogo karibu na tundu la antena. Weka kwenye stesheni dhaifu upande wa namba za juu, izungushe taratibu mpaka sauti iwe kubwa zaidi. Inalinganisha redio na antena yako.

#10 Mdau, Bagamoyo

Fundi, mimi niko Bagamoyo, nina W123 ya 1982 na Becker ya kaseti iliyokuja nayo. Redio inaongea, kaseti inaingia, lakini haizunguki. Fundi wa hapa anasema nitupe niweke mpya. Inawaka vizuri, roho inaniuma.

#11 Mleta uzi, Tanga

Usitupe, nakuomba. Becker ndizo zilizokuwa zikifungwa kwenye Benzi hizo, na kuikuta W123 ikiwa bado na ile iliyokuja nayo ni nadra sana huku kwetu.

Redio ikiongea na kaseti isizunguke, mara nyingi ni mipira. Ndani kuna mota ndogo, na nguvu yake inafika kwenye magurudumu kwa mpira mwembamba wa duara. Mpira huo ukikaa miaka arobaini kwenye joto la pwani haukatiki tu, unayeyuka. Utakuta umegeuka lami nyeusi, umegandia kwenye pulei na umedondoka kwenye sahani chini yake. Ukiugusa kwa kidole, doa linakaa siku mbili. Hiyo lami lazima itoke yote, kwa pamba na spiriti, pulei moja moja, mpaka pamba itoke nyeupe. Ukifunga mpira mpya juu ya mabaki, utateleza na muziki utakuwa unapanda na kushuka. Mpira mpya si lazima uandikwe Becker. Pima mzunguko wa ule wa zamani kwa uzi kama kuna mabaki yaliyoshikana, au zungushia uzi kwenye pulei zenyewe, kisha uchague ulio mfupi kidogo ili ukaze.

Akishafungua, asafishe na hedi, ile sehemu inayosoma mkanda, kwa spiriti hiyo hiyo. Kile kigurudumu cha mpira kinachobana mkanda akiangalie. Kikiwa kinang'aa kama kioo, kisuguliwe kwa msasa laini sana mpaka kirudi kuwa na mshiko, la sivyo kitakula kaseti zako. Kapasita kubwa zilizo kwenye upande wa kuingilia moto zibadilishwe kabisa, hata kama bado zina uhai.

Ikishapona, kwa simu yako utatumia kaseti ya Bluetooth, ile yenye umbo la kaseti, unaiingiza kama kaseti nyingine. Hakuna hata waya mmoja wa kukata.

Kama fundi wa Bagamoyo hataki kuifungua, ilete Tanga au itume. Piga picha nyuma kabla hujaitoa, uonyeshe rangi za waya na zinapoingia. Toa fyuzi yake uitume pamoja nayo. Na ile soketi nyeupe ya nyuma asiikate ili aunganishe waya kwa tepu. Hiyo ndiyo ngumu kupatikana kuliko redio yenyewe. Bei nitakutajia nikishaifungua na kuona mota iko hai.